Plagi za pikapu ya Molo: zisome za zamani kabla hujanunua mpya

Swali: Nina Toyota Hilux ya petroli, injini ya 22R, ile ya kabureta. Inabeba viazi kutoka Molo hadi soko la Kibuye, Kisumu, na kurudi na mchele wa Ahero. Kwa mwezi mmoja sasa inakohoa ikipanda kutoka Awasi kwenda Kericho, na mafuta inakunywa kuliko zamani. Dereva anataka nimnunulie plagi za iridiamu, ambazo bei yake ni zaidi ya mara tatu ya zile za kawaida. Fundi anasema niweke plagi "za moto zaidi" kwa sababu zilizotolewa zimejaa masizi. Mwenye duka la spea anasema yoyote inayoingia kwenye tundu itafanya kazi. Nilizitazama mwenyewe: tatu ni nyeusi na kavu, na ile ya nyuma kabisa imelowa oili. Ninunue zipi?

Jibu: Dada yangu, pole kwa usumbufu, na asante kwa kuzitazama hizo plagi kwa macho yako kabla ya kufungua mkoba. Wengi hunifikia zile za zamani zikiwa zimeshatupwa, na ushahidi wote umekwenda nazo. Wewe umeniandikia sentensi moja inayonisaidia kuliko bei zote ulizotajiwa: tatu nyeusi kavu, moja imelowa oili. Kwa hayo tu naona una shida mbili tofauti ndani ya injini moja, na plagi mpya hazitaponya hata moja kati ya hizo.

Lakini umeuliza ununue zipi, kwa hiyo nianzie hapo. Nunua NGK BPR5EY au Denso W16EXR-U, nne za aina moja, zikiwa na gepu, ile nafasi ambayo cheche huiruka, ya milimita 0.8. Ukikosa yenye Y mwishoni, chukua BPR5ES bila wasiwasi. Unene ni ule ule, urefu ni ule ule, na kiwango cha joto ni kile kile. Ile ya Y ina mfereji mdogo wa umbo la V uliochongwa kwenye ncha ya katikati ili cheche irukie ukingoni. Usiingie dukani na maneno "plagi za Hilux". Hilux imetoka na injini nyingi, na plagi ya 2.7 ya kisasa haina undugu na yako. Andika hizo herufi kwenye karatasi, umpe dereva, na umwambie akirudi na kitu kingine asikifunge.

Herufi hizo si mapambo. Katika namba ya NGK, B ni unene wa thredi, ile sehemu yenye mikato ya skrubu, wa milimita 14 na kichwa kinachoshikwa na spana ya plagi ya milimita 20.8, ile mafundi wanayoiita ya 21. P ni pua ya kauri iliyochomoza nje. R ni kizuizi kilichofichwa ndani ili cheche isilete mikwaruzo kwenye redio. Namba 5 ni kiwango cha joto, na E ni urefu wa thredi, milimita 19. Denso wana alfabeti yao, ila 16 yao iko sawa na 5 ya NGK, na 20 yao ni kama 6. Sasa sikiliza jambo linalowapotosha hata mafundi wenye uzoefu: kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, lakini kwa Champion na Bosch namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Mtu akikulinganishia plagi za kampuni mbili kwa kutazama namba peke yake, anaweza kukupa kinyume kabisa cha ulichokwenda kutafuta.

Huyo mwenye duka anayesema yoyote inayoingia tunduni itafanya kazi, msamehe, lakini usimfuate. Nilipokuwa ningali ninajifunza kazi hapa Nakuru, tuliletewa pikapu ya kubeba maziwa iliyokuwa imefungwa plagi fupi, zile zenye H mahali pa E, ambazo thredi yake ni milimita 12.7. Ziliingia vizuri, zikakaza vizuri, na gari likatembea nazo karibu mwaka mzima. Lakini kwa kuwa plagi haikufika mwisho wa tundu, milimita sita za chini za thredi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini kinachoshika plagi, zilibaki wazi ndani ya moto, na masizi yakajigandisha humo hadi yakawa magumu kama jiwe. Mkuu wangu akaniambia nifunge plagi sahihi, ndefu. Ikaingia nusu, ikagoma. Nikalazimisha. Hedi ya injini ile ilikuwa ya aluminiamu, kama hiyo yako, na aluminiamu haishindani na chuma. Nilipoirudisha nyuma, plagi ilitoka na thredi za hedi zimejisokota juu yake kama nyuzi za fedha. Hedi ikashuka, ikapelekwa kutiwa thredi mpya, na mwenye gari akakaa siku tatu akilipia usafiri wa watu wengine kupeleka maziwa yake. Plagi ikizidi urefu ni hatari nyingine, kwa sababu pistoni inapopanda inaweza kuigonga.

Sasa nije kwa fundi wako, kwa sababu ushauri wake ndio unaonitia hofu zaidi, na ninaelewa alikoutoa.

Plagi "ya moto" haitoi cheche kali zaidi na haiongezi joto kwenye injini. Neno hilo linaeleza jinsi pua ya plagi inavyoachia joto inalolipokea. Pua ndefu ya kauri inakuwa na njia ndefu ya kupitisha joto hadi kwenye ganda la chuma na kisha kwenye hedi, hivyo ncha yake inabaki na moto. Pua fupi inaachia joto haraka, ncha inapoa. Ncha inatakiwa ikae kati ya nyuzi 500 na 850 za Selsiasi hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanajipaka kwenye kauri, na kwa kuwa masizi hupitisha umeme, nguvu ya koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche, inateleza juu ya kauri kuelekea kwenye ganda badala ya kuruka kwenye gepu. Hapo ndipo injini inapokohoa. Juu sana ya hapo, ncha inageuka kaa la moto linalowasha mafuta kabla cheche haijaruka, pistoni ingali inapanda.

Kwa hiyo fundi ameona masizi akafikiri: tuipashe plagi moto, yataungua. Kwa gari linalozunguka mjini tu, polepole, bila mzigo, wazo hilo lina mantiki fulani. Lakini gari lako hutoka Ahero na mchele, likapanda kutoka uwanda wa Kano hadi Kericho, karibu mita elfu moja za kupanda, dereva amekanyaga mafuta hadi chini na injini iko gia ya pili au ya tatu. Hapo ndipo ncha inapopata joto kubwa kuliko wakati wowote mwingine. Plagi iliyozidi moto inaweza kuzitoboa pistoni zako mahali hapo hapo, na kutoboka huko hakukutangulizii onyo refu. Baki na namba 5. Masizi yaondoe kule yanakotoka.

Yanatoka wapi? Plagi tatu nyeusi na kavu, zikifanana, maana yake ni petroli nyingi kuliko hewa. Ingekuwa moja tu ningeshuku waya au plagi yenyewe. Tatu zikiugua kwa pamoja, ugonjwa uko kwa kile wanachokula wote, nayo ni kabureta, inayochanganya petroli na hewa, na njia yake ya hewa. Anza na ea klina, lile chujio la hewa. Itoe, iangalie mbele ya jua. Usipoona mwanga ukipita kwenye karatasi, badilisha. Barabara za mashambani za Molo wakati wa kiangazi huijaza vumbi upesi kuliko dereva anavyokubali. Kisha angalia choki, inayobana hewa injini ikiwa baridi. Injini ikiwa imeshapata moto, kifuniko cha choki juu ya kabureta kinatakiwa kiwe kimesimama wima, wazi kabisa. Kikibaki kimeinama hata kidogo, injini inakunywa kama iko alfajiri ya baridi siku nzima. Nimekuta magari mengi ya maeneo ya juu na shida hii, kwa sababu asubuhi za Molo zinalazimu choki kila siku, na waya au springi yake inachoka. Tatu, mwambie fundi apime kiwango cha petroli kwenye bakuli la kabureta. Sindano inayofunga petroli ikilika, bakuli hufurika.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo ninakuomba umuulize fundi: kabureta ilirekebishwa wapi mara ya mwisho? Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Molo iko karibu mita 2,450. Hewa ya Molo ni nyepesi kuliko ya Kisumu kwa karibu moja ya nane, lakini kabureta haina akili ya kujua hilo. Inaendelea kupima petroli kwa matundu yale yale. Kabureta iliyowekwa sawa Kisumu ikifika Molo inatoa mchanganyiko mzito zaidi. Mwinuko peke yake hautazipaka plagi rangi ya makaa, ila ukiongezea ea klina chafu na choki inayokwama, unapata hasa ulichokiona. Kwa gari linaloishi juu na kushuka chini kuuza, mimi huiweka kabureta kwa mwinuko wa kati, Nakuru au Kericho, kisha naendesha mlima mmoja na kusoma plagi tena. Usikubali iwekwe nyepesi mno kwa ajili ya Molo, kwa sababu ikishuka Ahero kwenye hewa nzito, na joto, na mzigo, itakosa petroli na kupata moto kupita kiasi.

Kuna sababu nyingine ya masizi isiyo kosa la gari: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Serikali iliweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 hasa ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Kama dereva hujaza kwenye mitungi kando ya barabara kwa kuwa ni nafuu, mkomeshe. Dalili ni masizi pamoja na mlio wa kugonga injini inapovuta mlimani.

Ile plagi ya nne inanihuzunisha kidogo, kwa sababu inazungumza habari ya gharama. Oili kwenye silinda moja inapita kwenye sili za valvu, zinazozuia oili ya juu isishuke, au kwenye ringi za pistoni, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Huhitaji mashine kuanza kutofautisha. Barabara yako ni maabara tosha. Mwambie mtu apande gari jingine na kufuata nyuma. Mkishuka kutoka Kericho kuelekea Awasi, dereva aachie mafuta na kuiacha injini ishikilie gari kwa dakika moja hivi, kisha akanyage. Moshi wa buluu ukitoka kwa mpigo mmoja halafu ukaisha, sili za valvu zimekauka, kwa kuwa mvuto ndani ya injini wakati wa kushuka unanyonya oili kupitia kwenye valvu. Asubuhi pia utaona moshi kidogo inapowashwa, kisha inatakata. Lakini ikitoa buluu wakati wa kupanda, ikivuta mzigo, bila kukatika, hapo ni ringi. Fundi akiwa na geji ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, apime silinda zote nne, kisha amwage kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi ya nne na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimeisha. Kikibaki pale pale, tazama juu kwenye valvu. Sili za valvu ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri. Ringi ni kufungua injini, na ni heri ujue mapema ukiwa bado na msimu wa viazi wa kulipia.

Wapo mafundi watakaokushauri uweke plagi moja ya moto zaidi, namba 4, kwenye silinda hiyo moja tu ili isizimwe na oili. Nimewahi kufanya hivyo kwa gari lililohitaji kufika nyumbani. Kwako sipendekezi, kwa sababu ya ule mlima na ule mzigo.

Iridiamu, kwa hiyo, iache. Si kwamba ni mbaya. Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi 2,446, wakati nikeli ya plagi za kawaida huyeyuka kwenye 1,455, na ndiyo sababu wanaweza kuchonga ncha nyembamba kama sindano, nyingine milimita 0.4 tu, na isiliwe na cheche. Ncha nyembamba huhitaji umeme mdogo kuruka, na plagi inadumu mara kadhaa ya ile ya kawaida. Kwa injini za kisasa zenye koili juu ya kila plagi, ambako kuzifikia tu ni kazi, ni pesa iliyotumika vizuri. Lakini kwenye injini inayojaza masizi na kuvuja oili, kauri ya iridiamu hupakwa masizi sawasawa na ya bei rahisi. Utakuwa umenunua maisha marefu kwa kitu kitakachozimwa baada ya wiki sita. Na 22R plagi zake ziko pembeni, wazi, mtoto wa shule anazifikia. Weka za kawaida, zibadilishe kila kilomita 20,000, na pesa iliyobaki ianze akiba ya silinda ya nne.

Ukifika dukani, fungua boksi kabla ya kulipa. Plagi bandia zimejaa, na boksi lao ni zuri mara nyingi kuliko la halisi. Miaka michache iliyopita nilinunua nne kwenye duka moja ambalo nilikuwa nimeliamini kwa muda mrefu; kauri ya moja ilianza kucheza ndani ya ganda baada ya wiki mbili tu, na injini ikawa inapuliza pembeni ya plagi kwa mlio kama wa nyoka. Tangu siku hiyo nazishika moja moja. Ishike mkononi. Washa yake, ile pete inayobanwa chini ya kichwa, inatakiwa izunguke lakini isitoke. Ya bandia mara nyingi inaanguka ukiitikisa. Pitisha ukucha kwenye thredi: ya kweli ni laini, haikwaruzi. Sugua maandishi kwenye kauri na kidole chenye mate; yasififie. Kisha itazame kutoka mbele, jicho kwa jicho. Ncha ya katikati inatakiwa ikae katikati kweli, na mkono wa pembeni uwe juu yake sawasawa, bila kuinama upande. Ukiona moja kati ya nne ina kasoro, rudisha zote.

Kufunga ni kazi ya nusu saa, na iwe injini imepoa kabisa. Kabla ya kulegeza chochote, puliza vumbi kuzunguka kila plagi kwa pampu ya matairi, maana chembe ya mchanga ikianguka ndani ya silinda itakwaruza ukuta wake. Toa waya moja, badilisha plagi yake, rudisha waya, ndipo uende kwa nyingine; ukizitoa zote nne pamoja utachanganya mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kupata cheche, ambao kwa 22R ni 1-3-4-2. Pima gepu kwa fila geji, kile kipimo cha blede nyembamba, hata kama boksi limesema ziko tayari. Blede ya 0.8 ipite kwa kugusa kidogo, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu. Ikihitaji kurekebishwa, pinda mkono wa pembeni tu. Usiweke bisibisi juu ya ncha ya katikati, kauri itapasuka ndani bila wewe kuona.

Kuanza kuiingiza, chukua kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa kiganja, kichomeke juu ya plagi, na uizungushe kwa mpira huo. Plagi ikiingia upande, mpira unateleza wenyewe na hedi inapona. Ikishakaa chini, sasa shika spana, na kwa washa mpya zungusha nusu mzunguko tu, washa ibanwe. Hakuna haja ya kutia nguvu za kufungua tairi.

Mnapomaliza, washeni gari usiku gizani, boneti wazi. Mkiona cheche za buluu zikitambaa kwenye waya za plagi au kuzunguka kifuniko cha distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, waya zimechoka, na hilo nalo litaleta kikohozi, hasa ukungu wa Molo ukilowesha kila kitu alfajiri.

Baada ya safari mbili za Kisumu, zitoe tena zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda juu ya kitambaa cheupe na unieleze rangi zake. Nikisikia kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, kwenye tatu za mbele, kabureta imekubali. Kati ya hizo nyeusi za zamani, chagua mbili zenye ncha nzuri, zisugue kwa brashi ya waya, zifunge kwenye kitambaa pamoja na spana ya 21, na uziweke chini ya kiti cha dereva.